Je, Futiboli ya Kimarekani Inastahili Jina Lake?

Mzungumzaji wa Kiswahili anapoutazama kwa mara ya kwanza mchezo ambao Wamarekani huuita "football", swali la kwanza humjia kabla hajazielewa kanuni: mguu uko wapi? Mpira wenyewe una umbo la yai lililochongoka pande zote mbili. Hukumbatiwa kifuani, hurushwa kwa mkono, na dakika nyingi huweza kupita bila mtu yeyote kuupiga teke. Mchezo ambao miguu ndiyo hufanya karibu kazi yote, Wamarekani haohao huuita "soccer". Wengi huhitimisha kwamba jina limeporwa.

Hitimisho hilo linategemea dhana moja: kwamba jina la kitu sharti lieleze jinsi kitu hicho kilivyo leo. Historia ya maneno haya haiungi mkono dhana hiyo, na Kiswahili chenyewe kina ushahidi dhidi yake.

Asili ya neno

Neno la Kiingereza ni kongwe kuliko michezo yote miwili. Mwaka 1424 Bunge la Uskoti, katika enzi ya Mfalme James I, lilipiga marufuku mchezo ulioandikwa "fut ball". Michezo ya namna hiyo haikuwa na kanuni za pamoja: mpira ulipigwa, ulibebwa na uligombaniwa kadiri ya desturi za kila mahali. Wapo wanaosema mchezo uliitwa hivyo kwa kuwa wachezaji walikuwa wakitembea kwa miguu, tofauti na michezo ya waliopanda farasi. Hiyo ni dhana isiyo na uthibitisho madhubuti. Wengine hudai kwamba mpira wa Kimarekani una urefu wa futi moja, na ndiyo sababu ya jina. Dai hili halisimami: mpira huo una urefu wa takriban sentimita 28, ilhali futi moja ni sentimita 30.48, na neno lilitangulia mpira huo kwa karne kadhaa.

Mgawanyiko wa Waingereza

Mwaka 1863 wawakilishi wa vilabu walikutana London na kuunda chama cha kusimamia mchezo kwa kanuni moja. Walishindwa kukubaliana juu ya mambo mawili: kukimbia na mpira mkononi, na kumpiga mpinzani teke la muundi. Klabu ya Blackheath, iliyotetea desturi hizo, ilijitoa. Mwaka 1871 wapenzi wa mchezo wa kubeba mpira waliunda chama chao, na jina lake, Rugby Football Union, lilibeba neno lilelile. Hakuna upande ulioona kwamba kutumia mikono kunaunyima mchezo haki ya kuitwa hivyo.

Zaidi ya hayo, kanuni za 1863, ambazo ndizo mama wa soka ya leo, zilimruhusu mchezaji kuudaka mpira kwa mikono ukiwa angani na kuzawadiwa pigo huru. Kilichokatazwa ni kukimbia nao. Kwa hiyo hata soka haikuzaliwa ikiwa mchezo wa miguu mitupu.

Ili kuitofautisha michezo hiyo miwili, mmoja uliitwa "rugby football" na mwingine "association football". Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kufupisha maneno na kuyatia kiishio -er. "Rugby" ikawa "rugger", na "association" ikazaa "soccer". Neno ambalo leo hudhihakiwa kuwa la Kimarekani lilizaliwa Uingereza. Kiswahili nacho kililipokea na kulipa umbo la soka. Anayewacheka Wamarekani kwa kusema "soccer", kisha akaketi kutazama soka, anacheka neno lake mwenyewe.

Jinsi mguu ulivyopungua Marekani

Tarehe 6 Novemba 1869, vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mjini New Brunswick, New Jersey, katika mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa futiboli baina ya vyuo vya Marekani. Kila upande ulikuwa na wachezaji 25, hakuna aliyeruhusiwa kukimbia na mpira mkononi, na Rutgers ilishinda 6 kwa 4. Mchezo huo ulikaribia soka kuliko futiboli ya sasa. Mambo yaligeuka baada ya Harvard, iliyopendelea kubeba mpira, kucheza na McGill ya Montreal mwaka 1874. Miaka miwili baadaye wawakilishi wa vyuo walikutana Springfield, Massachusetts, wakakubali kanuni zenye msingi wa raga.

Hata hapo mguu ulikuwa bado na hadhi kubwa. Katika mfumo wa alama wa 1883, kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani kulileta alama 2, lakini teke lililopitisha mpira golini wakati wa mchezo lilileta alama 5. Kufikia mwaka 1912 thamani zilikuwa zimepinduka: kuufikisha mpira kulileta alama 6, na teke alama 3. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1906, kanuni ziliruhusu kuurusha mpira mbele kwa mkono. Mchezo uliuacha mguu hatua kwa hatua, na hapakuwa na siku moja ambayo mtu angesema kwamba sasa umekuwa mchezo mwingine unaohitaji jina jingine.

Wala mguu haukutoweka kabisa. Mchezaji aliyefunga alama nyingi kuliko wote katika historia ya ligi ya NFL ni Adam Vinatieri, mwenye alama 2,673. Kazi yake ilikuwa kupiga mateke, na karibu alama zake zote zilitoka mguuni.

Kwa upande wao, wachezaji wa soka wa Marekani hawakuliachia jina hilo haraka. Chama chao cha taifa kilichoundwa mwaka 1913 kiliitwa United States Football Association. Neno "Soccer" liliongezwa mwaka 1945, na "Football" likaondolewa mwaka 1974.

Ushahidi wa Kiswahili

Kiswahili kina majina mengi yaliyodumu baada ya maana yake ya awali kufifia. Neno mpira hutaja pia ule utomvu ulioganda ambao mipira ya kuchezea ilitengenezwa kwao. Hata hivyo mpira wa ngozi au wa plastiki nao ni mpira. Watangazaji husema gozi, neno linalotokana na ngozi, ingawa tangu Kombe la Dunia la 1986 mipira ya mashindano hayo hutengenezwa kwa vitu visivyo ngozi. Hakuna anayemsahihisha mtangazaji. Kwa kipimo hichohicho, Wamarekani wana haki ya jina lao: walilirithi kihalali, kama walivyolirithi wacheza raga na wacheza soka.

Lakini haki hiyo ni ya neno la Kiingereza. Haihamii moja kwa moja katika tafsiri yake. Mpira wa miguu katika Kiswahili ni maelezo yaliyo hai, na hukaa katika ukoo mmoja na mpira wa kikapu, mpira wa wavu, mpira wa mikono na mpira wa magongo. Katika ukoo huu sehemu ya pili ya jina humwambia msikilizaji mchezo unachezwa kwa kitu gani. Anayeandika "mpira wa miguu wa Kimarekani" anatoa ahadi ambayo mchezo hauitimizi. Tena msomaji anaweza kudhani kwamba inazungumzwa soka ya huko Marekani.

Futiboli haina tatizo hilo. Ni neno lililokopwa, na sikio la Mswahili halisikii mguu ndani yake. Peke yake huweza kumaanisha soka, hivyo huhitaji kivumishi.

Matumizi yanayopendekezwa

Futiboli ya Kimarekani: mchezo wa timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja uwanjani, ambapo mpira wenye ncha mbili hubebwa, hurushwa au hupigwa teke. Mfano: Alisoma chuo kikuu huko Texas, akapenda futiboli ya Kimarekani.

Mpira wa miguu, soka, kandanda, kabumbu: mchezo unaosimamiwa duniani na FIFA. Mfano: Timu ya taifa ya Marekani ya mpira wa miguu iliingia nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1930. Katika sentensi hii, "futiboli ya Kimarekani" ingekuwa kosa.