Milimita za Kubonyea: Springi, Shokapu na Kimo cha Impreza ya Zamani

Subaru Impreza WRX iliingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 1992, na magari ya kizazi hicho cha kwanza yanayotembea hadi leo yana robo karne au zaidi. Ni saluni fupi, milimita 2,520 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yenye injini ya turbo ya lita 2 ambayo silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande. Nguvu huenda kwenye magurudumu yote manne, na uzito wa gari tupu ni kama kilo 1,250. Mitaani Nairobi hutambuliwa kwa mlio wake kabla halijaonekana. Wenye magari haya wakifikiria kubadilisha springi na shokapu, swali la kwanza huwa gari lishuke kiasi gani. Fizikia huanza kwingine: gurudumu lina milimita ngapi za kupanda kabla halijagota?

Kila kona ya Impreza hiyo imesimama juu ya nguzo moja. Springi ya koili imeizunguka shokapu. Juu nguzo imefungwa kwenye bodi, chini imeshika naki inayobeba gurudumu. Muundo huu una jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na ulienea kupitia Ford Consul na Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Una vipande vichache, ni rahisi kutengeneza, na hauibi nafasi ya injini. Ila shokapu hupewa kazi mbili: kutuliza springi, na kubeba nguvu za pembeni gari linapokata kona. Ndiyo maana baadhi ya matoleo ya STI, tawi la mashindano la Subaru, yalifungwa shokapu zilizogeuzwa juu chini, ambapo mwili mnene wa shokapu huteleza ndani ya ganda badala ya fito nyembamba kubeba mzigo wote. Shokapu hizo hazipindi kirahisi, lakini zikikauka grisi hugonga kila shimo, na fundi asiyezijua anaweza kubadilisha boljointi zote mbili bila kuiondoa sauti hiyo ya kugonga.

Ugumu wa springi hupimwa kwa nguvu inayohitajika kuibonyeza milimita moja. Kwa mfano, kona ya mbele inayobeba kilo 320 ikikaa juu ya springi ya nyutoni 30 kwa milimita, bodi itapanda na kushuka mara 1.5 hivi kwa sekunde. Magari ya familia hukaa kati ya mara 1 na 1.5, saluni za mwendo kati ya 1.5 na 2, na magari ya mashindano ya lami huvuka 2. Kasi hiyo hufuata kipeuo cha pili cha ugumu: ili iongezeke mara mbili, springi lazima iwe ngumu mara nne. Springi nyingi za koiliova (nguzo ambazo kimo chake hurekebishwa) kutoka Japani huandikwa kwa kilo badala ya nyutoni. Ile yenye namba 8 ni sawa na nyutoni 78 kwa milimita, nayo huipeleka kona ile ile hadi mara 2.5 kwa sekunde. Hiyo ni springi ya uwanja wa mashindano, hata kama muuzaji ameiita ya barabarani.

Hapa ndipo kimo na ugumu vinapofungamana. Tuseme gurudumu la gari lisiloguswa lina milimita 80 za kupanda kabla nguzo haijaikandamiza raba ya kuzuia. Tuta linapolirusha gurudumu juu, springi hulazimika kumeza nishati fulani, na nishati hiyo hukua kwa mraba wa umbali uliobonyea. Gari likishushwa milimita 15, zinabaki 65. Ili springi imeze nishati ile ile ndani ya nafasi hiyo, ugumu wake lazima upande kutoka 30 hadi 45, na bodi itacheza karibu mara 1.9 kwa sekunde. Likishushwa milimita 25, springi inatakiwa kuwa ya 63, na mchezo unafika 2.2. Likishushwa 40, nafasi imekatika nusu, springi inatakiwa kuwa ya 120, na bodi inatikisika zaidi ya mara 3 kwa sekunde.

Hesabu hii imeacha kando msaada wa shokapu na wa raba yenyewe, kwa hiyo katika gari halisi hali si mbaya kiasi hicho. Bado inaeleza kwa nini gari lililoshushwa kwa springi fupi zenye ugumu wa wastani hupiga kama nyundo kwenye tuta dogo. Springi haijawa ngumu, imeisha. Raba ya kuzuia ndiyo imekuwa springi, na ugumu wake hupanda ghafla. Njia ya mkato inayoonekana gereji, ya kukata koili moja kwa msasa wa umeme, ina kasoro ya ziada. Koili zilizobaki huwa ngumu kidogo tu kuliko awali, wakati nafasi imepungua sana, na ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kiti chake.

Upande wa pili wa mizani ni mwili wa binadamu. Mtu akiwa amekaa huumizwa zaidi na mtikisiko wa wima wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, hivyo kila springi inayoongezwa ugumu huisogeza bodi kuelekea eneo hilo. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce kwenda kufanya kazi kwenye Cadillac katika miaka ya 1930, alionyesha pia kwamba nyuma ya gari inafaa iwe na kasi ya kucheza kubwa kidogo kuliko mbele. Impreza ikienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu la nyuma hukutana na tuta sekunde 0.11 hivi baada ya la mbele. Nyuma ikicheza haraka zaidi hulifikia pigo la mbele, na bodi inatulia kwa usawa badala ya kuinama na kuinuka pua. Seti ya springi yenye mbele ngumu na nyuma laini inaweza kuvutia kwenye tangazo, lakini mwendo mrefu wa barabara kuu huiumbua.

Shokapu haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa springi kuwa joto kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu na vali nyembamba. Utulizaji unaohitajika nao hufuata kipeuo cha pili cha ugumu: springi mara mbili, utulizaji mara 1.4. Springi mpya ngumu zikiwekwa juu ya shokapu za miaka ishirini ambazo tayari zimechoka, springi itashinda na gari litaendelea kuyumba baada ya kila wimbi la lami. Dalili huonekana hata kabla ya kubadilisha kitu: mafuta yaliyochuruzika na kushika vumbi kwenye ganda, na tairi lililolika kwa mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake.

Kukaza kupita kiasi nako kuna adhabu yake, ambayo haitajwi mara nyingi. Shokapu inayozuia mno gurudumu lisitanuke hulifanya lichelewe kurudi chini. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi mafupi, wimbi la pili hufika kabla gurudumu halijamaliza kushuka kutoka la kwanza, la tatu hulikuta limepanda zaidi, na gari huzidi kuzama mpaka linatambaa juu ya raba zake. Dereva huhisi ugumu na kudhani springi ndizo kosa. Kwa barabara za namna hiyo shokapu ya mrija mmoja yenye gesi ya naitrojeni hustahimili joto vizuri zaidi, maana mafuta yake hayachanganyiki na gesi na kutoa povu. Ila mrija huo ndio unaopitiwa na pistoni, hivyo jiwe likiubonyeza, shokapu imekwisha. Ya mirija miwili huvumilia bonyeo la nje.

Faida ya kushusha gari ipo, na inapimika. Gari la kilo 1,300 ambalo kitovu chake cha uzito kiko milimita 500 juu ya ardhi, likikata kona kwa nguvu ya pembeni ya asilimia 80 ya uzito wake, huhamisha karibu kilo 356 kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Likishushwa milimita 30, zinahama 335. Ni nafuu ya asilimia 6. Springi ngumu hazipunguzi kiasi hicho hata kwa kilo moja. Zinapunguza tu jinsi bodi inavyolala wakati uzito unahama. Injini ya Impreza, kwa kuwa imelala chini tangu kiwandani, imekwisha kuchuma sehemu ya faida ambayo magari mengine huitafuta kwa kushushwa.

Katika nguzo ya MacPherson nafuu hiyo ndogo inaweza kuliwa yote na jiometri. Mkono wa chini wa mbele, ukitazamwa kutoka mbele ya gari, huteremka kidogo kuelekea gurudumu. Gari likishushwa, mkono hulala sawa, kisha huanza kuinua ncha yake ya nje. Nukta ambayo bodi huizungukia inapolala kwenye kona huporomoka kwa kasi zaidi kuliko bodi yenyewe, na umbali kati yake na kitovu cha uzito hurefuka. Wenzo umekuwa mrefu zaidi, hivyo gari lililoshushwa laweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa juu, springi zikiwa zile zile. Gurudumu la nje nalo, ambalo lilikuwa likiegemea ndani kadiri nguzo inavyobonyea, huacha kufanya hivyo na kuanza kusimamia ukingo wa nje wa tairi. Tairodi isipobaki sambamba na mkono wa chini, kila shimo huugeuza usukani bila dereva kutaka. Dawa yake ni boljointi yenye shingo ndefu inayoteremsha ncha ya mkono, pamoja na ncha ya tairodi iliyoteremshwa kiasi hicho hicho. Kufunga kimoja bila kingine ni kuhamisha tatizo.

Afrika Mashariki wengi huenda upande wa pili na kuinua gari kwa spesa. Spesa ziko za aina mbili, na athari zake hazifanani. Inayokaa kati ya kichwa cha nguzo na bodi huisukuma nguzo nzima chini: nafasi ya kubonyea na ya kutanuka hubaki ilivyo, lakini drafshafti hukaa kwa pembe kali na sivi jointi hulika mapema. Inayowekwa kwenye kiti cha springi huinua bodi kwa kula nafasi ya kutanuka, na gurudumu likipita juu ya shimo huning'inia na kugonga mwisho wa shokapu. Njia safi zaidi ni springi na shokapu ndefu kidogo zilizobuniwa pamoja. Kwa gari hili uinuaji wa kiasi una mantiki, kwa sababu mabomba ya ekzosi hupita chini ya injini na ndiyo hukutana na matuta kwanza.

Mashindano yenyewe yalishatoa mfano. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya na pia Tour de Corse kwenye lami ya kisiwa cha Corsica, zote kwa Impreza. Kenya gari lilisimama juu, na magurudumu yake yakiwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Corsica lilikaa chini likikumbatia lami. Hakuna aliyetafuta kimo kimoja cha kufaa kote. Kwa Impreza ya matumizi ya kila siku kwenye miji yenye matuta, kushusha milimita 15 hadi 20 kwa springi za nyutoni 40 hadi 50 na shokapu mpya zinazolingana nazo ni kikomo cha busara. Koiliova zinafaa pale tu mwili wa chini unaporekebishwa urefu peke yake bila kugusa springi, na nyuzi zake zipakwe grisi, la sivyo vumbi na maji huzigandisha.

Stabilaiza, fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale sana kwenye kona, ni ongezeko la bei nafuu lenye athari kubwa, kwa sababu ugumu wake hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la asilimia 46. Ikinenepeshwa ya nyuma peke yake, hupunguza tabia ya Impreza ya kusukuma pua nje ya kona, bila kuongeza ugumu magurudumu mawili yanapopanda tuta pamoja. Bushi za raba zilizopasuka, boljointi zilizolegea na matairi yaliyokauka hubadilishwa kabla ya yote hayo. Mara nyingi gari la umri huu likirudishiwa raba mpya tu, nusu ya malalamiko huisha.

Kimo hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, si kutoka ardhini, ili kulika kwa tairi na upepo wake visipotoshe kipimo. Vipimo vinne huandikwa kabla ya kazi na baada yake. Boliti za bushi za mikono hukazwa gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, raba hubaki imesokotwa na huchanika mapema. Kisha hufuata alaimenti: boliti ya juu inayoifunga nguzo ya mbele kwenye naki ina umbo la kulisogeza gurudumu, na digrii 1 hadi 1.5 za kuegemea ndani hutosha kwa barabara. Springi mpya huzama milimita chache katika kilomita mia kadhaa za kwanza, kwa hiyo vipimo na alaimenti hurudiwa baada ya hapo, pamoja na mwelekeo wa taa za mbele.