Semi ya Bei Chee: Anza na Risasi, Chuma Kifuate

Tuongee ishu ya semi. Achana na yale malori yanayokata mji wetu wa Babati usiku kucha kwenye barabara ya Arusha–Dodoma. Nasemea shotgun inayojipakia yenyewe: unavuta triga, ganda linaruka pembeni, risasi nyingine inapanda chemba, na mkono wako haujagusa kitu. Machalii wakiiona kwenye simu wanachizika. Kijiwe kizima kinageuka wataalamu: huyu anataka nyeusi ya plastiki, yule anataka yenye kitako cha mbao, mwingine kashaanza kupiga hesabu za hela ya mbaazi.

Noma ni kwamba hakuna anayeuliza chuma hicho kitalishwa nini. Hapo ndo watu wanapigwa. Semi ya bei chee inaweza kula risasi nzito bila shida, halafu ukiipa nyepesi inazingua: ganda linabanwa mlangoni, bolti imeling'ang'ania, wewe unapigana na chuma huku kwale wameshahamia kata nyingine. Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mezani mapema. Chagua risasi kwanza, chuma kifuate.

Karatasi kabla ya swaga

Mchezo huu Bongo unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi yanaanzia chini, kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaokujua tabia, kisha yanapanda polisi na kamati za ulinzi na usalama, ngazi kwa ngazi. Kama kitaa kinakujua kwa gongo na ngumi, safari yako inaishia kwa mtendaji. Aina ya bunduki unaitaja mapema; wakikwambia hiyo haipiti, usibishe, omba inayopita. Na usimpe muuzaji hata mia kabla kibali hakijatoka, maana chuma kikigoma kutoka dukani na hela ikigoma kurudi, utamlilia nani?

Kuna mwana atakunong'oneza kwamba ana mchongo wa chuma kisicho na makaratasi, au gobole la babu yake lililofichwa darini. Kula kona. Polisi huwa wanatangaza muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, kama walivyofanya Septemba na Oktoba 2023. Ukikamatwa nayo nje ya muda huo, huo ni msala, na washkaji wa kijiweni hawatakuja kukutetea mahakamani.

Nyepesi ni ipi?

Shotgun nyingi utakazokutana nazo ni namba 12. Risasi yake unaipima kwa uzito wa marisau yaliyomo ndani. Gramu 24 na 28 ndo nyepesi. Gramu 32 hadi 36 ni kazi za kawaida za porini. Ukivuka 40 umeingia kwenye magnum, na bega litakusimulia usiku kucha.

Usizidharau nyepesi. Kwenye Olimpiki wanaolenga visahani wanatumia risasi isiyozidi gramu 24, na visahani vinapasuka vizuri tu. Gramu 28 za marisau namba saba na nusu zina chembe kama 350 hivi. Kwa kwale aliyeruka mita 25 mbele yako hizo zinatosha na chenji inabaki. Bega halivimbi, nyama haichakai, na kwa kawaida mkwanja unaotoka ni mdogo kuliko wa magnum.

Kitu kingine cha kusoma ubavuni mwa mtutu ni urefu wa chemba. Ganda la milimita 70 kwenye chemba ya 76 halina shida. Kinyume chake ni hatari: ganda refu kwenye chemba fupi linaongeza presha na linaweza kukupasulia chuma usoni. Soma namba kwenye mtutu, soma na kwenye boksi, halafu ndo upakie.

Kwelea na tembo hawakuhusu

Tuwekane sawa kuhusu kazi yenyewe, maana ukienda Magugu kwenye majaruba ya mpunga utasikia mtu anasema anatafuta semi ya kumaliza kwelea kwelea. Mwanangu, kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja linaondoka na tani 10. Wale wanapigwa na ndege ya serikali inayomwaga sumu kwenye mazalia yao jioni. Boksi lako lina risasi 25. Fanya hesabu mwenyewe.

Tembo wanaotoka Tarangire kuja mashambani ndo usiwafikirie kabisa. Marisau kwenye ngozi ya tembo ni uchokozi tu: hafi, anakasirika, na atakayekutana naye kesho yake ni mama anayechota maji. Piga kelele, washa tochi, funga kamba zenye pilipili na oili chafu, ita askari wa wanyamapori. Risasi nyepesi ni za kanga, kwale na njiwa, na hao nao huwagusi bila leseni ya uwindaji chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kwa msimu na eneo ulilopangiwa. Wahusika ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukiingia na chuma kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge eti unafuata kanga, utarudi bila kanga, bila chuma na bila leseni.

Kwa nini inagoma

Sasa tufungue tumbo la semi. Kuna mifumo mitatu utakayokutana nayo.

Wa kwanza ni wa gesi. Kwenye mtutu kuna vitundu vidogo. Risasi ikilipuka, gesi kidogo inapenya hapo, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti nyuma, ganda linatoka. Risasi nyepesi inatoa gesi kidogo. Kama vitundu ni vyembamba au vimejaa masizi, bolti inarudi nusu njia na ganda linakwama. Faida yake ni kwamba gesi inapunguza kishindo begani. Hasara: inachafuka haraka, na fundi mvivu haiwezi.

Wa pili ni wa kishindo, ambao Benelli wa Italia wameupatia jina kubwa. Hapa hakuna gesi inayochepushwa. Bunduki nzima inaporudi nyuma begani, bolti inabaki kidogo kwa uzito wake, springi nene iliyo ndani inabanwa, kisha inafyatuka na kufungua kila kitu. Ni msafi kinoma na spea zake ni chache. Ila unategemea kishindo, na risasi ya gramu 24 haina kishindo cha maana. Ukiishika kilegelege, au ukiitundikia tochi na mapambo ya YouTube mpaka ikawa nzito, inaweza kugoma. Bega lazima likae imara nyuma yake.

Wa tatu ni wa kizee: mtutu wenyewe unarudi nyuma pamoja na bolti. Mfalme wake ni Browning Auto-5, aliyoibuni John Moses Browning na iliyoanza kutengenezwa na FN wa Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani ina ringi za msuguano unazozipanga tofauti kwa risasi nyepesi na nzito. Mtu akiiuza na kulalamika kwamba inatapika nyepesi, mara nyingi ringi zimekaa vibaya. Ukimkuta mzee anayeiuza kwa njia halali, muulize ringi zimepangwaje. Akikukodolea macho, ujue hajawahi kuifungua.

Na mwendo wa risasi nao una neno. Gramu 24 zinazokimbia zinaweza kuizungusha semi vizuri kuliko gramu 28 zilizopoa. Kwa hiyo usiangalie uzito peke yake kwenye boksi.

Majina ya sokoni

Beretta na Benelli ni vitu vya kishua. Tuwaachie wenye vitalu vya uwindaji. Kwa mshiko wa kawaida macho yanaenda Uturuki, ambako mji wa Huğlu kule Konya una ushirika wa mafundi wa bunduki tangu 1962, na Hatsan wa Izmir anatoa Escort. Stoeger nazo zinatoka huko huko Uturuki chini ya mwavuli wa Beretta, na M3000 yake inatumia kishindo. Ukipata Remington 1100 ya mtumba, hiyo ni ya gesi, iliingia sokoni 1963 na imeuzwa kwa mamilioni. Cheki ule mpira wa duara uliovalishwa kwenye magazini karibu na pistoni. Ukikatika, semi inageuka ya kupakia kwa mkono. Mpira ni wa hela ndogo, kwa hiyo nunua na wa akiba.

Sheria ya kidole gumba: ya gesi yenye chemba ya 76 ndo rafiki wa mwenye risasi nyepesi. Zile zinazojisifu kumeza ganda la milimita 89 zimeundwa kwa mizigo mizito, na kwenye gramu 24 nyingi zinaleta nyodo. Mwenye duka akikwambia inakula kila kitu, mwambie freshi, twende ikale.

Ipime kabla hujalipa

Omba kuijaribu sehemu iliyoruhusiwa kulenga shabaha, mbele ya muuzaji mwenye leseni. Beba boksi moja la zile zile risasi utakazonunua kila siku. Pakia mbili kwenye magazini na moja kwenye chemba, piga, rudia mpaka 25 ziishe bila kusafisha katikati. Angalia maganda yanakoangukia. Yakiruka mita mbili tatu pembeni, afya ipo. Yakidondoka kwenye viatu vyako, bolti inarudi kwa kujikongoja. Risasi ya mwisho ikitoka, bolti inatakiwa ibaki wazi nyuma. Ikijifunga kila mara, kuna jambo.

Mpya kabisa isikutishe ikigoma mwanzoni. Kiwandani huwa zinapakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na springi bado ni ngumu, kama pikipiki mpya ambayo haijafunguka. Ifute grisi yote, paka oili nyepesi, piga boksi moja au mawili ya gramu 32 hadi 36, halafu ndo urudi kwenye 28. Ikiendelea kuzingua baada ya hapo, ni kimeo, warudishie.

Vumbi letu na vidole vyetu

Kiangazi cha huku kina vumbi linaloingia hadi kwenye chupa iliyofungwa. Oili nyingi ikikutana nalo inakuwa uji wa kusagia chuma. Paka kidogo, futa, acha utando mwembamba tu. Ya gesi ifungue kila ukirudi, zibua masizi kwenye vitundu, futa pistoni. Ya kishindo futa bolti na njia yake, imetosha.

Halafu usisahau kwamba semi haisubiri ruhusa yako. Ukishapiga moja, nyingine tayari iko chembani na triga iko hai. Kidole kikae nje mpaka umelenga, mtutu usimwangalie mtu hata kwa utani, na kabla ya kupanda boda toa zote, vuta bolti, chungulia chemba kwa macho, ingiza na kidole. Nyumbani kaa nayo chini ya kufuli, risasi sehemu nyingine. Na zile mbwembwe za kupiga hewani kwenye harusi, marisau yanarudi chini na watoto wapo uani.

Hukumu yangu ni hii. Kama kazi yako ni kwale wawili watatu kwa msimu, chukua ya mitutu miwili. Inakula gramu 24 na 36 bila kuchagua kwa sababu haina cha kuzungusha, na bei yake mtumba inashikika. Kama umeamua semi, chukua ya gesi, namba 12, chemba 76, yenye fundi na spea Arusha, na isikosee hata ganda moja kwenye boksi la gramu 28. Ikikosea, rudisha, hata kama ni nzuri kinyama. Na kibali kikiwa bado, hela ya mbaazi ibaki benki.