Kwa Nini Kijiji Kinakuandikia Kabla ya Theluji

Novemba ikiingia, kabla theluji haijalala chini, karani wa kijiji chetu hapa New York hutuma barua ya kurasa nne nyumba kwa nyumba. Ndani yake kuna habari za magari, koleo, mabomba ya maji, taka na tarehe za mikutano. Haina picha ya kuvutia wala haikuiti kwa jina, na ndiyo maana wengi wetu huitupa pamoja na matangazo ya maduka.

Jirani yangu, mama wa Uvira, alinisimamisha juzi akiwa nayo mkononi.

"Papa, hii karatasi inaomba makuta?"

"Hapana, mama, haiombi pesa. Inatuambia namna ya kuishi hapa mpaka mwezi wa nne."

Akanikaribisha ndani, tukaisoma mstari kwa mstari. Kila nilipomaliza kumfasiria aliniuliza: kwa nini? Kwa nini gari lisilale barabarani na theluji haipo? Kwa nini nisafishe njia wanayopita watu wengine? Makala haya ni majibu niliyompa. Laiti mtu angenipa mimi mwaka wangu wa kwanza, kabla ya asubuhi ile ya Desemba nilipotoka kwenda kazini nikakuta gari langu limeshavutwa usiku.

Kijiji ambacho ni serikali

Katika jimbo la New York, kijiji si mkusanyiko wa nyumba shambani. Hempstead, kwenye Long Island, kisheria ni kijiji, na sensa ya 2020 ilihesabu humo watu wapatao 59,000. Sherrill, katikati ya jimbo, ni jiji, na wakazi wake ni kama 3,000 tu. Kwa hiyo usipime kwa idadi ya watu. Kijiji hapa ni mamlaka kamili yenye meya, wajumbe wa halmashauri, karani, bajeti na sheria zake ndogo.

Asili yake ni ya karne ya 19. Watu waliojenga karibu karibu walihitaji maji ya bomba, taa, zimamoto na barabara nzuri, na wakulima waliotawanyika pembeni hawakuona sababu ya kuchangia. Mwaka 1847 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya jumla iliyowawezesha wakazi kama hao kuunda kijiji chao na kujitoza kodi kwa huduma hizo. Leo viko zaidi ya 500.

Ila kijiji hakikujitenga na ngazi iliyo juu yake. Kati ya kijiji na kaunti kuna ngazi nyingine, ambayo kwa kulinganisha na kwetu Tanzania naiita kata, na mkazi wa kijiji ni mkazi wa kata pia. Mwenye nyumba hulipa kodi ya huku na ya kule.

Hapo ndipo utaelewa jambo la kwanza linalowaudhi wageni: gari la kuondoa theluji linapita njia panda, unaliona, na haliingii mtaani kwako. Barabara kubwa huenda ni ya jimbo, inayoungana nayo ya kaunti, na mtaa wako wa kijiji. Serikali hizi huingia mikataba ya kusaidiana, lakini kila moja ina ratiba yake. Ukitaka kulalamika, jua kwanza barabara ni ya nani.

Ziwa ndilo linalopanga

Sisi wa Buffalo, Rochester, Syracuse na vijiji vinavyoizunguka miji hiyo tunaishi upande unaopigwa na pepo za maziwa Erie na Ontario. Mwanzoni mwa baridi maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi. Upepo mkavu wa baridi kali ukivuka juu yake hunyonya unyevu, na ukifika nchi kavu huumwaga kama theluji. Hushuka kwa mkanda mwembamba. Kijiji kimoja kinaweza kufukiwa, na cha pili, mwendo wa dakika ishirini kwa gari, kikaota jua.

Novemba 2022, Orchard Park, kijiji kilicho kusini mwa Buffalo, kilipata theluji ya takriban mita 2 kwa siku chache. Ziwa Erie halina kina kirefu, hivyo huweza kuganda katikati ya msimu na dhoruba zikapungua. Ontario lina kina kirefu na ni nadra kuganda lote, ndiyo maana Syracuse huona kwa wastani mita 3 za theluji kila mwaka. Hakuna serikali inayoweza kukuandikia theluji ikiwa tayari imefika kiunoni. Ndiyo sababu barua huja Novemba.

Kila katazo lina maiti au moto nyuma yake

Tuanze na gari. Vijiji vingi vya huku hukataza gari kulala barabarani kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, kwa kawaida saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, hata anga ikiwa safi. Nilidhani ni njia ya kukusanya faini. Siyo. Dereva wa gari la theluji hufanya kazi usiku ili barabara ipitike watu wakiamka. Akikuta gari moja hulizunguka na kuacha tuta. Usiku tuta huganda, theluji ya kesho huongezeka juu yake, na baada ya wiki mbili mtaa umebana kiasi kwamba gari la wagonjwa halipiti. Chumvi nayo haitoshi kuokoa hali, kwani chumvi ya kawaida hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, na ikizidi huchafua visima na vijito.

Njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba husafishwa na mwenye eneo katika vijiji vingi. Mpangaji asome mkataba wake ajue kama kazi hiyo amepewa yeye. Usisukumie theluji barabarani, maana unalirudisha lile tuta.

Bomba la zimamoto likiwa karibu na nyumba yako, lifukue pande zote. Wazimamoto wengi wa vijiji hivi ni wa kujitolea: fundi, mwalimu, mwenye duka, wanaoruka kitandani king'ora kikilia. Dakika wanazopoteza wakilitafuta bomba chini ya theluji ni dakika za nyumba kuungua.

Mstari ninaouombea msomaji wangu kuliko yote ni ule wa mabomba ya kutolea moshi. Tanuri la kupashia nyumba joto mara nyingi hutoa hewa chafu kwa bomba fupi ubavuni mwa ukuta. Theluji ikiliziba, kaboni monoksidi hurudi ndani. Haina rangi, haina harufu, na huua watu usingizini. Umeme ukikatika, sisi tuliokulia jiko la mkaa tunaona suluhisho liko mikononi. Ndugu zangu, nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani hata kwa dakika tano. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Gari lililonasa kwenye theluji lisiungurumishwe kabla hujafukua bomba la moshi.

Na wakitangaza marufuku ya kuendesha, kaa nyumbani. Desemba 2022 dhoruba iliua zaidi ya watu 40 katika Kaunti ya Erie. Marufuku ilitangazwa asubuhi ya tarehe 23, wakati wengine walikwishatoka. Wapo waliofia ndani ya magari, wapo waliokutwa nje. Hakuna zamu ya kazi yenye thamani ya uhai wako. Ukiona tahadhari ya jana inazidi kukazwa, usingoje neno marufuku.

Neno la mdomo halihesabiki

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua huligusa kwa mstari mmoja tu: "taarifa zipelekwe kwa karani."

Sheria ya Vijiji ya New York, kifungu cha 6-628, inasema hivi kwa ufupi. Mtu akiumia kwa sababu ya barabara mbovu, au theluji na barafu kwenye njia ya miguu, kwa kawaida hawezi kukidai kijiji fidia isipokuwa karani alikuwa ameshapewa taarifa ya maandishi kuhusu mahali pale, kisha muda wa kutosha ukapita bila marekebisho.

Sisi tunamwambia kiongozi njiani, tunamalizana kwa mkono na salamu. Hapa unaweza kumweleza mjumbe mara kumi, naye akaitikia kwa moyo mweupe, na kisheria ikawa hujasema kitu. Andika. Taja mtaa, namba ya nyumba iliyo jirani, tarehe na tatizo. Mistari mitano inatosha. Baki na nakala.

Kinga nyingine ya mkazi kisheria inahusu joto lenyewe. Katika jimbo hili, kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15, kampuni ya umeme au gesi inapaswa kuchukua hatua za ziada kabla ya kukata huduma inayotegemewa kupasha nyumba joto, ikiwemo kujaribu kumpata mtu mzima wa nyumba saa 72 kabla. Ukipata onyo la kukatiwa, usilifiche chini ya godoro. Piga simu siku hiyo hiyo, na uulize pia kuhusu HEAP, msaada wa gharama za joto kwa wenye kipato kidogo.

Ukurasa wa mwisho

Kijijini kwetu Tanga, mkutano mkuu ulikuwa wa kila aliyefikisha miaka 18. Mtendaji alisoma mapato na matumizi, na bibi yangu, asiyejua kusoma, aliuliza saruji ya shule imekwenda wapi. Alijibiwa mbele ya watu wote.

Ukurasa wa mwisho wa barua ya baridi unakualika kwenye mkutano wa namna hiyo, ingawa umeandikwa kama orodha ya tarehe. Mwaka wa fedha wa vijiji vingi vya New York huanza Juni 1. Rasimu ya bajeti hufikishwa kwa karani ifikapo Machi 20, kikao cha kuwasikiliza wananchi hufanyika kabla ya Aprili 15 kupita, na bajeti hupitishwa ifikapo Mei 1. Uchaguzi wa meya na wajumbe, pale ambapo haukuhamishwa, ni Jumanne ya tatu ya Machi. Kwa hiyo chumvi na magari ya theluji ya mwaka kesho huamuliwa wakati tungali tumejifungia ndani.

Kupiga kura ni kwa raia. Kuhudhuria mkutano ni haki ya yeyote, na karani hupokea barua bila kuuliza uraia. Uamuzi wa wakazi si mdogo: Seneca Falls kilikuwa kijiji hadi mwisho wa 2011, kikavunjwa kwa kura za wakazi wenyewe, na shughuli zake zikahamia kwenye kata.

Siku ile kwa jirani yangu tulipomaliza kusoma, aliniambia kuna kona ambayo watoto husubiri basi la shule, maji yanatiririka hapo na kuganda. Tukaandika mistari mitano. Nilimsaidia Kiingereza, sahihi akaweka yeye. Nakala akaiweka kwenye droo pamoja na mkataba wa nyumba, na barua ya kijiji akaibandika mlangoni pa friji.