Je, Wajua? Git Ilianza Kazi Ndani ya Siku Chache

Git, programu inayotunza kazi ya pamoja ya watengenezaji programu duniani kote, ilianza kuandikwa Aprili 3, 2005. Kufikia Aprili 7, ilikuwa tayari ikitunza msimbo wake yenyewe!

• Mwanzilishi wake ni Linus Torvalds wa Ufini, yule yule aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux. Aliiunda baada ya timu ya Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya kutunza msimbo waliyoitegemea tangu 2002.

• Torvalds hakuing'ang'ania. Julai mwaka huo huo alimkabidhi usimamizi mtengenezaji programu mwenzake, Junio Hamano.

• Kwa kawaida, kila mshiriki hubeba nakala kamili ya mradi pamoja na historia yake. Seva ikiungua, nakala ya mwenzako inaweza kuufufua mradi.

• Kila badiliko linalohifadhiwa hupewa alama yake, kwa kawaida ya herufi na tarakimu 40. Ukigusa hata nukta moja, alama nzima hubadilika. Hivyo ni vigumu sana kuchezea kazi ya zamani kimyakimya.

• Git ni bure. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua leo na kuanza kuitumia.