Baridi Inayosikika: Muziki wa Filamu ya Pengwini

Kamera haiwezi kupiga picha ya baridi. Itapiga theluji, barafu na manyoya yanayopeperushwa na upepo, lakini nyuzijoto 40 chini ya sifuri hazionekani. Mtazamaji wa Tanga au Mombasa ambaye hajawahi kukanyaga theluji ataona weupe na jua linalong'aa, na macho yake hayatamwambia kwamba hewa ile inaua. Kumfikishia baridi hiyo ni kazi ya sauti. Mfano bora ninaoujua wa kazi hiyo ni muziki ambao Émilie Simon aliitungia filamu ya Kifaransa La Marche de l'empereur, iliyoongozwa na Luc Jacquet na kutoka Januari 2005.

Filamu inamfuata pengwini kaizari, ndege anayezaa wakati wa majira ya baridi ya Antaktiki. Jike hutaga yai moja, humkabidhi dume, kisha hurudi baharini kutafuta chakula. Dume huliweka yai juu ya miguu yake na kulifunika kwa ngozi ya tumbo kwa takribani siku 65. Tangu aondoke baharini hadi arudi kula, hukaa na njaa karibu miezi minne. Wapiga picha Laurent Chalet na Jérôme Maison waliyanasa maisha hayo karibu na Dumont d'Urville, kituo cha utafiti cha Ufaransa katika Terre Adélie.

Filamu za wanyama zimezoea okestra: vinanda vya nyuzi kwa huzuni, tarumbeta kwa ushindi. Simon alishika njia nyingine. Alizaliwa Montpellier mwaka 1978, akasomea uimbaji, kisha muziki wa kale Sorbonne na muziki wa kisasa IRCAM, taasisi ya Paris ambako watunzi na wataalamu wa kompyuta hufanya kazi pamoja. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 2003, ilikuwa ya pop ya kielektroniki, na lugha hiyo hiyo ya muziki ndiyo aliyoipeleka Antaktiki.

Sikiliza kwanza kioo. Miongoni mwa ala za muziki wa filamu hii imo Cristal Baschet, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1952 na ndugu wawili, Bernard na François Baschet. Mpigaji hulowesha vidole na kusugua fimbo za kioo. Mtetemo hupita kwenye chuma na kutawanywa na bamba kubwa. Ala za kioo na kengele ndogo zina sauti nyembamba nyingi zinazong'aa kwa juu, na hazina ule unene wa katikati ambao masikio yetu huuhusisha na kifua cha mtu au ubao wa gitaa. Sehemu ya hisia kwamba sauti hizo ni za baridi ni mazoea: Wazungu wamekuwa wakiigiza baridi kwa muziki tangu enzi za mtunzi Mwingereza Purcell, ambaye mwaka 1691 aliwaandikia waimbaji sauti za kutetemeka kama watu wanaoganda. Lakini mazoea si yote.

Barafu yenyewe hulia kama mashine. Ziwa lililoganda likipasuka, sauti nyembamba husafiri ndani ya bamba la barafu kwa kasi zaidi kuliko sauti nene. Aliyesimama mbali husikia nyembamba kwanza, nene baadaye, yaani mlio mmoja unaoporomoka ghafla kutoka juu hadi chini. Mtu asiyejua ataapa kwamba umetoka kwenye sinthesaiza. Theluji nayo, baridi ikizidi, haiyeyuki chini ya kiatu. Chembe zake huvunjika, na kila hatua hutoa mkwaruzo mkavu, kama mbegu ndani ya kayamba. Kwa hiyo anayedai kwamba ala za umeme ni ngeni kwa maumbile hajayasikiliza maumbile ya ncha za dunia. Huko, sauti ya kielektroniki iko karibu na mahali penyewe kuliko fidla.

Halafu ipo sauti ya mwimbaji. Theluji mpya imejaa vishimo vya hewa vinavyomeza sauti, hivyo mwangwi huwa hafifu. Watunzi wengi hufanya kinyume: huongeza mwangwi mrefu ili tuhisi ukubwa wa mahali. Simon ametumia umbali wa aina mbili kwa pamoja. Vioo na milio ya mashine vimeachwa mbali, vikielea. Sauti yake nyembamba imewekwa karibu na sikio kiasi kwamba pumzi inasikika. Tofauti hiyo ndiyo baridi yenyewe: mwili mmoja mdogo wenye joto, na utupu usio na mwisho kuuzunguka.

Pengwini kaizari nao huishi kwa sauti. Hawana kiota, hivyo jike anayerudi kutoka baharini hana mahali pa kumtafutia mumewe katikati ya maelfu ya ndege wanaofanana. Humtambua kwa wito wake. Koo la ndege hawa hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, zenye tofauti ndogo, na zikikutana huzaa mapigo. Sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde ikichanganywa na ya 444, utasikia mapigo manne kila sekunde. Watafiti wa Ufaransa, Thierry Aubin na Pierre Jouventin, wameonyesha kwamba ndege hutambuana kwa mapigo hayo. Wapiga sinthesaiza hufanya jambo hilo hilo kila siku: hutengua kidogo sauti moja kati ya mbili ili ziwe na uhai. Sayansi ya wito wa pengwini na ya muziki huu ni moja.

Toleo la Marekani liliondoa muziki wa Simon. Mahali pake ikaja okestra ya Alex Wurman, na masimulizi ya Morgan Freeman yakachukua nafasi ya waigizaji waliowasemea pengwini kwa Kifaransa. Toleo hilo ndilo dunia inalolijua zaidi, na filamu ilishinda Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo muziki wa Simon ulipata tuzo ya Ufaransa ya Victoires de la musique. Kazi ya Wurman ni nzuri, lakini inatueleza namna ya kumwonea huruma ndege. Muziki wa Simon unatuweka ndani ya hali ya hewa anayoishi, na huruma hufuata yenyewe. Naafiki kwamba nyimbo zake zenye maneno humfanya pengwini awe kama mtu kupita kiasi. Nguvu yake kubwa imo katika vipande visivyo na maneno.

Muziki wa filamu ya wanyama una wajibu mmoja kabla ya kutufariji au kututoa machozi: kutupa kile ambacho kamera haikuweza kukileta. Ukitazama filamu ya namna hii, zima sauti kwa dakika chache, kisha uirudishe, ujiulize umeongezewa nini kuhusu mahali pale na kiumbe yule. Kama jibu ni huzuni tu au furaha tu, mtunzi ametufanyia nusu ya kazi. Simon aliimaliza.