Siku ya Jembe, Siku ya Ngoma

Mvua za kwanza zikishalainisha udongo wa Mpimbwe, mkoani Katavi, kuna asubuhi ambazo ngoma husikika kabla jua halijapanda, na aliye mgeni hudhani kuna harusi. Ni kilimo. Vijana ishirini au zaidi wamejipanga mstari mmoja kwenye shamba la mtu, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na ngoma iko karibu nao inawakaza. Anayechelewa jembe moja huonekana mara moja, maana mstari unapinda pale alipo. Haambiwi neno. Ngoma ndiyo inayomsema mpaka anyooke.

Hao ni bugobogobo. Walikuja Katavi na Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka Mwanza na Shinyanga, wengi tangu miaka ya 1970, wakapita Tabora wakatafuta malisho hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye nchi ya Wapimbwe. Walibeba mbegu, fimbo za kuchungia na ngoma. Katika vitu hivyo vitatu, ngoma ndiyo iliyokuja na chama.

Nasema chama kwa maana kamili. Kikundi cha bugobogobo kina uongozi na adabu yake. Kwa desturi ya Usukumani, mwenye shamba hapatani na kijana mmojammoja. Huzungumza na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, na huyo ndiye anayejua wangapi watatoka, siku gani, kwa malipo gani. Zamani malipo yalikuwa chakula, pombe na mnyama wa kuchinja. Siku hizi fedha imeingia. Lakini malipo ni ya kikundi kwanza. Kijana hodari analima kwa sifa yake na kwa mfuko wa wote, na akiugua, shamba lake wenzake hulilima.

Watu wale wale, mavuno yakishaingia ghalani, hugeuka wachezaji. Jembe lililolima Desemba huingia uwanjani mwezi wa saba, likarushwa juu, likazunguka, likadakwa bila kupoteza pigo la ngoma. Hapo ndipo unapoona kwamba mazoezi yote yalifanyika shambani. Mkono uliodaka jembe ulikwisha kulizoea msimu mzima.

Ushindani wao una historia ndefu. Usukumani kuna pande mbili kubwa za wachezaji, Bagika na Bagalu, na husimuliwa kwamba chimbuko lake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kuonyesha nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Tangu hapo mtu huzaliwa upande mmoja au huuchagua, kama vile mtoto wa Kariakoo anavyojikuta Simba au Yanga. Namna ya kupata mshindi ndiyo inayonivutia kuliko yote. Pande mbili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, ngoma zikipigana hewani. Watazamaji wako huru kutembea. Wanakokwenda wengi ndiko kwenye ushindi. Hakuna filimbi, hakuna meza ya waamuzi; miguu ya watu ndiyo inayohesabu.

Kwa sababu hiyo wachezaji wa Kisukuma wamekuwa wabunifu kupita kiasi. Chatu ameingizwa uwanjani, na fisi pia. Kuna waliocheza juu ya miti mirefu, kuna sanamu za mbao zinazosogeza viungo. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, hupimwa kwa jambo hilohilo: je, amemfanya mtu aliyekuwa upande wa pili ageuze shingo? Na dawa nayo haikuachwa nyumbani. Kila upande una yake ya kuvuta watu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, mashindano haya yamepata makao katika sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni hivi. Huku Katavi hayana makao makubwa ya namna hiyo. Yapo palipo na minada, palipo na mavuno mazuri, na palipo na mzee aliye tayari kutoa ng'ombe.

Ukichunguza desturi hii utaona jambo ambalo mababu walilipanga kwa akili sana: mchezo haukuwahi kula siku ya kazi. Msimu wa jembe ni wa jembe, msimu wa ngoma ni wa ngoma. Hakuna aliyelazimika kuchagua.

Uingereza ya kaskazini, penye migodi ya makaa na viwanda vya nguo, watu hawakuwa na bahati hiyo. Kiwanda hakina msimu. Mchimbaji aliyecheza raga Jumamosi alikatwa ujira wa siku hiyo, na wakubwa wa mchezo, watu wenye nafasi, walikataa asilipwe hata fidia. Tarehe 29 Agosti 1895 viongozi wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga, wakaanzisha umoja wao. Waliruhusu mchezaji alipwe shilingi 6 kwa siku ya kazi aliyoikosa. Mwaka 1898 wakaruhusu malipo zaidi, ila kwa sharti: mchezaji awe na kazi nyingine halali. Kutoka kwenye ugomvi huo ikazaliwa raga ya wachezaji 13, na klabu kama Featherstone Rovers, iliyoundwa mwaka 1902 katika mji mdogo wa wachimba makaa. Klabu ile, ya watu wenye kazi zao za wiki nzima, ilichukua kombe kubwa la mchezo huo mwaka 1967, 1973 na tena 1983, ilipoifunga Hull 14 kwa 12 kwenye uwanja wa Wembley. Mji mzima ulikuwa umelipa siku zile za wachezaji, senti kwa senti, kwa tiketi na kwa michango.

Kiswahili kina neno moja linalobeba jambo hili lote: kutunza. Humtunza mchezaji anayekufurahisha, unamwendea uwanjani na noti mkononi. Humtunza pia mgonjwa, mzee, mtoto. Mtu aliyetunzwa uwanjani amekabidhiwa kwa jamii. Amekuwa wa kulelewa.

Lakini kutunza kuna nguvu ya kuharibu pia, na Mpimbwe wanaijua kuliko wengi. Kwa mila ya Wasukuma wafugaji, aliyemuua simba aliyevamia zizi hupewa dawa ya kumtakasa, huvikwa, huzunguka kwa ndugu na majirani akicheza, na kila mji humtunza: mbuzi, fedha, hata ng'ombe. Ilikuwa haki. Amehatarisha roho yake kwa mifugo ya wote. Kisha, vijiji vilipoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Katavi na miji ya kutembelea ikawa mingi, baadhi ya vijana waliona kwamba ngoma ya simba inalipa kuliko shamba. Wakaacha kumngoja simba aje zizini; wakamfuata porini. Mchezo uliokuwa asante ukawa ajira, na simba wakaanza kupungua kwa ajili ya tuzo.

Waliouzuia mwenendo huo walianzia kwenye tuzo. Mradi wa WASIMA, kifupi cha Watu, Simba na Mazingira, ulikaa na wazee na sungusungu wa Mpimbwe, na sheria za vijiji zikatenganisha aliyeua kulinda zizi na aliyekwenda kuwinda. Huyu wa pili asitunzwe. Wazee hawakuipiga marufuku ngoma yenyewe, na nawaheshimu kwa hilo: walielewa kwamba aliyeshika noti ndiye anayeamua ngoma iwe nini.

Mjini Mpanda, huku huku Katavi, leo uwanja mkubwa ni wa mpira wa miguu, na humo ndimo naona desturi ya kale ikitafuta njia. Mashindano ya mitaa bado yana ng'ombe au mbuzi kwa mshindi, anafungwa kamba pembeni ya uwanja tangu asubuhi ili kila mtu amwone. Timu zinakusanya madereva wa bodaboda, wachimbaji wadogo wa dhahabu, vijana wa mashamba ya tumbaku. Hawana mshahara wa mpira, ila si kweli kwamba wanacheza bure. Kuna posho, nauli, na mtu akifunga bao zuri wapo watakaoingia kumtunza.

Tatizo ni siku. Bodaboda nyingi si mali ya dereva. Kila jioni hudaiwa hesabu, na mwenye chombo hajali kama ulikuwa mlinda mlango wa fainali. Mechi haingoji msimu wa mavuno kama ngoma ilivyongoja. Ratiba inaweza kuangukia Jumatano ya mnada, siku ya abiria wengi kuliko zote. Nimeona timu ikiingia uwanjani na watu tisa, wa kumi na wa kumi na moja wakifika kipindi cha pili, kofia ya pikipiki ikiwa bado kichwani. Na kwenye mashindano hayohayo hukosi kuona mamluki aliyetoka mkoa mwingine, aliyelipwa vizuri kwa dakika 90, hajui jina la mtaa anaouchezea.

Fedha anayolipwa mamluki huyo ingemaliza hesabu za wenyeji wengi. Naamini klabu za Mpanda zinapaswa kuandika jambo hili wazi kwenye katiba zao, kabla ya jezi na kabla ya mamluki: mchezaji wa nyumbani akikosa siku yake, hesabu yake inalipwa na mtaa. Nsumba ntale angelielewa bila kuelezwa mara mbili.

Mtaa mmoja wameshaanza, bila katiba. Mechi ikiisha, mzee mmoja hupitisha kofia kwa watazamaji kabla hawajatawanyika, na hapitishi kwa ajili ya mfungaji. Anataja majina matatu au manne ya walioacha pikipiki zao, anahesabu mbele ya watu, kisha anamkabidhi kila mmoja hesabu yake mkononi, yule wa akiba ambaye hakuguswa na mpira akiwa wa kwanza.