Kange, Chenji Yangu!

Mat ikikaribia stage, kabla dere akanyage breki, ndani kushawaka. Siste wa nyuma anadai finje, mzae wa dirishani anadai mbao, na kange amening'inia mlangoni akisema tu, "Chenji ni mbele, tulieni." Kila msee wa Nairobi anaijua hiyo story. Ukitoa thao asubuhi juu ajenti wa M-Pesa alikupea noti moja, safari yako yote inakuwa ya kuchunga chenji. Husinzii, hubongi na mtu, macho ni kwa kange.

Shida inaanzia kwa doo yenyewe. Noti ndogo kabisa Kenya ni finje. Chini ya hapo ni koini: bob, kobole, ashu na mbao, zile za twiga, kifaru, simba na ndovu zilizotoka Disemba 2018. Na koini zikifika keja hazirudi barabarani, zinalala kwa mkebe na kwa droo. Sasa fare ikiwekwa 70 ama 80, kange atatoa wapi mbao na ashu za kila mtu saa kumi na mbili asubuhi?

Ndio anakuja na ile form inanikasirisha kuliko zote: kugawanishwa. "Boss, shika hii soo, finje yako, finje ya huyu madam." Hamjuani. Mnashuka pamoja, yeye amechelewa jobo, wewe class inaanza. Mnaenda kwa mama mboga, anawaambia hajauza kitu bado. Mnaenda kwa msee wa smokie, anataka mnunue kwanza. Mwishowe mmoja anachoka, anasema "wacha tu ikae," na finje imeenda hivyo. Mara nyingi anayeachilia ni yule hawezi kuzusha: mtoi wa shule, shosho mwenye mzigo, ama manzi anayeogopa kutusiwa mbele ya watu. Hiyo si haki. Finje ni chapo na madondo kwa kibanda, ama fare ya kurudi mtaa.

Kange naye ako na yake. Wengi hawana mshahara wa mwezi. Squad, yaani dere na kange, inatoa kwanza ya mdosi, ya mafuta na ya stage, halafu inagawana kile kimebaki. Anaanza siku na mfuko mtupu, na abiria wa kwanza wote wanamchomolea noti kubwa. Lakini kuna wale wamechanuka, wanakaa na chenji makusudi wakijua utashuka na haraka usahau. Hao ni wezi, na tuwaite hivyo.

Wasee husema dawa ni simu. Tulishajaribu hata kadi: BebaPay ya Google na Equity ilikuja 2013, na 2014 serikali ikasukuma mat zote ziache cash. Haikushika. Squad inataka doo mkononi juu mafuta yanalipwa leo, na mdosi anaihesabu jioni. Leo M-Pesa inasaidia, kutuma soo kushuka chini ni bure, lakini kuna kange anaikataa akihofia ukishuka utarudisha ile pesa. Na kuna abiria wanafanya hivyo kweli.

Kwa hivyo ukilipa, taja hesabu kwa sauti jirani askie: "Kange, nimekupea soo tano, nadai 420." Usingoje stage, hapo dere ashaanza kung'oa.

Lakini mzigo mkubwa ni wa sacco. Wako na ofisi, wako na akaunti ya benki, na koini zinapatikana benki. Piga hesabu ya mat ya abiria 14: fare ni 80, kila mtu akitoa soo, kange anahitaji mbao 14 pekee. Hiyo ni 280. Sacco ipee kila gari hizo koini kabla ya trip ya kwanza, na jioni gari irudishe hiyo 280 kwa hesabu.